Siku Arobaini Baada ya Idi

Sikuja mtaa wa Majengo kwa ajili ya mshahara. Mshahara wa mpika chapati katika hoteli ndogo ya mjini Meru unajulikana, hauhitaji maelezo. Nilikuja kwa ajili ya likizo. Faadumo, mwenye hoteli, aliniambia siku ya kwanza, hata kabla hajaniuliza kama najua kukanda unga: "Mwezi wa Ramadhani mchana hatuuzi. Jioni napika futari mwenyewe na binti yangu Amran. Wewe unaenda kwenu mwezi mzima, na nusu ya mshahara nakutumia." Nilikubali kabla hajafunga mdomo.

Kwetu ni Siakago, kule chini kwenye joto, ambako marehemu mume wangu aliniachia ekari mbili za ndengu. Yaani aliniachia nusu ya mwaka. Mvua ya Oktoba ni ya ndugu yake, Ndwiga, anayepanda mtama. Mvua ya Machi ni yangu. Ndivyo ukoo ulivyoamua baada ya matanga, na wakaongeza neno moja ambalo Ndwiga hajawahi kulisahau: misimu yangu miwili ikifuatana bila mavuno, shamba lote atalilima yeye.

Miaka miwili ya kwanza mambo yalininyookea. Ramadhani iliingia na mvua ikaingia. Nilipanda, nikapalilia, nikarudi Meru mgongo unaniuma na roho imetulia. Nikajiona mjanja kuliko walimu wote wa shule za Kaaga na likizo zao za kupangiwa. Nikamtangazia Ndwiga kwamba kila wakati wa kupanda ataniona pale pale, jembe mkononi.

Acha nijicheke kabla hujanicheka. Mimi nimelelewa na Krismasi, sikukuu inayokaa mahali pake. Nilidhani Ramadhani nayo imekaa. Hakuna aliyeniambia, wala sikuuliza, kwamba mwezi huo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka wa tatu ulikuja mapema, na mvua nayo ikachelewa. Nilikaa Siakago nikitazama mbingu, mwishowe nikapanda kwenye udongo mkavu kwa hasira tu. Kware na mchwa wakala walivyotaka. Mvua ilianza siku ya nne baada ya mimi kurudi kwenye chapati zangu, na Ndwiga akanipigia simu kunieleza jinsi inavyonyesha vizuri.

Mwaka huu ukawa mbaya zaidi. Mwanzoni mwa Februari Amran alisema Ramadhani itaanza katikati ya mwezi. Nikahesabu kwa vidole vyenye unga. Idi ingekuwa karibu tarehe ishirini Machi, na mvua wiki hiyo hiyo. Likizo ingekwisha siku mbegu zinapotakiwa ardhini, na huo ungekuwa msimu wa pili. Niliwaona mbuzi wa Ndwiga wakitembea shambani mwangu kama wako kwao. Niliogopa, nasema ukweli. Usiku sikulala.

"Mama Sahal," nilimwambia Faadumo asubuhi, kwa jina la kifungua mimba wake, "mwaka huu nataka kufanya kazi Ramadhani. Likizo unipe baada ya Idi."

Aliendelea kupanga vikombe. "Baada ya Idi? Watu wametoka kufunga, wanataka kula kutoka asubuhi, na wewe ndio unaenda shamba? Na Ramadhani utanifanyia nini, Mama Wawira? Mchana hakuna kastoma."

"Kastoma hakuna, lakini kupika si kuko."

"Ya futari napika mimi. Miaka kumi na mbili sasa."

"Nipe siku tatu tu. Ukiona sina kazi, naenda nyumbani kama kawaida na sitaongea tena."

Alikubali, nadhani kwa kunihurumia, na huruma hiyo iliniudhi.

Siku ya kwanza ya mfungo nilipewa gunia la vitunguu. Faadumo ni mpishi kunishinda, hilo sina kinyongo nalo. Lakini Ramadhani hupika kwa kukisia. Wapo wanaoonja kwa ncha ya ulimi wakatema. Yeye hata hilo hakubali. Alitia chumvi kwenye supu ya mbuzi kwa kukadiria. Amran alikuwa ameshatia, naye kwa kukadiria, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Mama Sahal," nikasema, "Amran ameshatia chumvi."

"Wewe menya vitunguu."

Nikamenya vitunguu.

Adhana ya magharibi ilipolia, watu walikula tende, wakanywa maji, supu ikaletwa. Mzee Warsame, mwenye bucha mkabala na sisi na mteja tangu hoteli ifunguliwe, alikunywa kijiko kimoja. Akaomba maji. Akaomba maji tena. Kisha akalipa akaondoka, bakuli limejaa. Faadumo aliionja supu jikoni, akakaa kwenye kigoda bila kumtazama mtu. Nilimwonea uchungu. Na papo hapo, sitadanganya, moyo wangu uliruka kwa furaha.

Kesho yake saa tisa alikuja nilipokuwa, akaweka kijiko juu ya vitunguu vyangu.

"Wewe hufungi," akasema.

"Sifungi."

"Basi onja."

Nilikwenda nyuma ya pazia la stoo, maana si adabu kumeza mbele ya watu wenye njaa. Nikaonja. "Bado chumvi kidogo. Na ndimu." Akatia. Nikaonja tena, nikamwambia tosha. Nikavunja sambusa, nikasema nyama ina pilipili manga nyingi mno. Faadumo hakuzoea kuamrishwa jikoni mwake, nami sikuzoea kumwamrisha, kwa hiyo tulikuwa tunasemeshana kwa sauti ya chini kama watu wanaoiba. Mkono ulikuwa wake. Ulimi ulikuwa wangu.

Siku ya tatu Mzee Warsame alimaliza bakuli, akaomba la pili, kisha akaja mpaka mlango wa jikoni kuuliza nani amebadilisha supu. Amran akaninyooshea kidole. Mzee akanitazama, akatazama msalaba mdogo shingoni mwangu, akacheka mpaka akashika mlango.

"Huyu usimwache aende," akamwambia Faadumo.

Nikaona ndio wakati. "Nitakaa mpaka Idi," nikasema, "kisha naenda siku arobaini."

"Ishirini," akasema Faadumo.

"Ndengu hazipaliliwi kwa siku ishirini."

"Thelathini basi."

Nikachukua kijiko, nikakipangusa kwa leso yangu, nikamrudishia mkononi. Alikipokea kijiko.

"Arobaini," akasema. "Na nusu mshahara, kama zamani."

Kufikia wiki ya pili foleni ya sambusa ilifika ukuta wa msikiti. Siku ya Idi Faadumo alinifungia kuku mzima wa kuchoma, nami nikapanda gari la Embu na mbegu zangu begani. Mvua ya kwanza ilininyeshea nikishuka Siakago. Nililoa mpaka nguo za ndani na sikutafuta mahali pa kujikinga.

Mbuzi walikuwa tayari shambani. Ndwiga alikuwa kwenye mpaka chini ya mwavuli.

"Kwani umefutwa kazi?" akauliza. "Ramadhani si iliisha jana?"

"Niko likizo."

"Likizo gani sasa?"

"Yangu."

Siku ya tisa, mistari yote imeshachipuka, kijani kutoka mpaka hadi mpaka, simu iliita. Ni Faadumo. Nilijua ananiita nirudi.

"Mama Wawira, supu imenishinda," akasema. "Sasa naonja mwenyewe na bado Warsame anasema si ile."

Nikaweka jembe chini.

"Nimepiga tu ujue," akasema. "Siku zako zimebaki thelathini na moja. Ukirudi kabla hazijaisha, sikufungulii mlango."

Mwaka ujao Ramadhani itarudi nyuma tena. Iende inakotaka. Likizo yangu sasa inafuata mvua.

Niliweka simu mfukoni. Ndwiga alikuwa amesimama kwenye mpaka, anahesabu mistari yangu, na beberu wake mmoja alikuwa ameshaingiza kichwa kwenye ndengu.

"Shemeji," nikamwambia, "toa mbuzi wako."

Akamtoa.