Nyuma ya Ukuta wa Choo

Kijiti alikuwa amejibanza nyuma ya ukuta wa choo cha uwanjani, mtu mzima na mvi zake, ili mbwa asimwone.

Ndivyo wafanyavyo watu wa mashindano ya mbwa. Mbwa akishikwa na mkono mgeni, yule aliyemlea hutakiwa apotee kabisa. Mbwa akimwona mtu wake atageuza shingo, atalia, atakaa chini, na mbwa aliyekaa chini jaji hampi hata pole. Wengine hujificha ndani ya magari. Kijiti hakuwa na gari, akapewa choo.

Dada yake alisimama pembeni na chupa ya chai, akichungulia kwa niaba yake.

"Wameshaingia?" Kijiti aliuliza.

"Bado. Tulia wewe. Unatetemeka kama anayezaa mkeo."

Mke hakuwepo. Aliondoka zamani, akisema hawezi kulala kitanda kimoja na mtu anayenuka mbwa. Kijiti hakubisha, maana kunuka alikuwa ananuka. Aliishi chumba cha uani kwa Mama Miwani, na kazi yake ilikuwa kulea mbwa wa Mama Miwani. Tangawizi, mbwa wa leo, alizaliwa mama yake akifa. Kijiti alimnyonyesha kwa chupa, akamlaza kifuani, akamfundisha kutembea sakafuni pale pale kando ya kitanda. Sasa alikuwa jike zuri, rangi kama jina lake, na kilema kimoja tu: mguu wa nyuma wa kushoto uliingia ndani kidogo.

Kilema hicho jana, siku ya kwanza ya mashindano, kilionekana na kila mwenye macho, kwa sababu aliyeshika kamba ni Kijiti mwenyewe. Hofu hushuka kwenye kamba kama maji kwenye mpira. Mkono wake ulikaza, Tangawizi akaisikia hofu ile shingoni, akatembea kama anakanyaga misumari.

Nyuma yao kwenye mstari alikuwa Suti. Huyu ni mshika kamba wa kulipwa, na jina amelipata kwa mavazi. Jana alivaa kijivu ili mbwa wake mweusi aonekane vizuri. Mbwa mwenyewe alikuwa na mgongo uliobonyea kama kitanda cha gesti. Lakini kila ulipotaka kubonyea, Suti alimgusa tumbo kwa kidole kimoja, huku akimpa jaji tabasamu. Jaji akalichukua tabasamu, mgongo asiuone. Alimtazama Suti kwanza, akapitisha jicho kwa mbwa, akarudi tena kwa Suti, kama mtu aliyekutana na shemeji yake sokoni. Kikombe kikaenda huko.

Jioni Mama Miwani alikata maneno. "Kesho Suti ndiye atamshika Tangawizi. Akishinda, anahamia bandani kwake, amzungushe mashindano yote. Asiposhinda, arudi nyumbani na mambo haya tuyaache."

"Mama, yule nimemlea mimi..."

"Umemlea vizuri, Kijiti. Ila mbwa ni wangu."

Basi asubuhi Suti akaja kuchukua kamba. Alimkuta Kijiti akimwita Tangawizi kwa mluzi wao, sauti ya chini kisha ya juu, ule aliompigia tangu hajafungua macho. Suti alisimama akasikiliza, mikono mfukoni.

"Anakupenda," alisema. "Kajifiche vizuri, mzee."

"Wameingia!" dada alisema sasa. "Mungu wangu, kapendeza! Huyo bwana leo kavaa nyeusi."

"Mguu?"

"Mguu gani? Siuoni. Kila jaji akija upande ule, na yeye yupo upande ule. Anachuchumaa, anafunga kamba ya kiatu, anainuka. Mjanja huyo! Kiatu chenyewe hakina kamba."

Kijiti aliegemeza paji la uso ukutani. Ukuta ulikuwa na unyevu na harufu yake ile. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumwombea mnyama mabaya, na sasa midomo yake ilikuwa inaomba: ateleze, alegee, amng'ate jaji. Amng'ate hata kidogo tu.

"Wamebaki wawili," dada alisema. "Yeye na yule mweupe mwenye manyoya. Jaji anakwenda kwa huyu, anarudi kwa yule. Kijiti, wa kwako amechoka. Kichwa kimeshuka."

"Kimeshuka?"

"Kimeshuka. Jaji anamwelekea yule mweupe."

Hapo angenyamaza, yangekwisha. Lakini mtu aliyekata tamaa hangoji, na huyu alitaka kumaliza kabisa. Alijua akipiga mluzi, Tangawizi atavuta kamba, atamwangusha Suti na suti yake, watu watacheka, na jioni watarudi chumbani wawili. Akaweka ulimi nyuma ya meno.

"Usithubutu," dada alisema. "Wakikugundua, Mama Miwani atakufukuza."

Akapiga. Chini, kisha juu.

Halafu makofi.

"Kafanya nini? Kamwangusha?"

Kijiti alimsukuma dada yake, akachungulia mwenyewe.

Tangawizi alikuwa amesimama kuelekea chooni. Kichwa juu, masikio mbele, macho yanawaka, mwili wote umeegemea mbele kumtafuta yeye. Na kwa kuegemea kule, mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Suti alikuwa amesimama nyuma yake, ameachia kamba kidogo tu, amekita miguu ardhini kama mtu aliyejiandaa kuvutwa. Jaji alikuwa amegeuka. Alimtazama mbwa kwa mara ya kwanza tangu jana, akainua mkono, akamnyooshea kidole kuwa ndiye mshindi.

Walikutana kwenye gari la Suti. Tangawizi alimrukia Kijiti, akamlamba masikio, akamchafua shati lote.

"Ulijua," Kijiti alisema.

"Nilimgeuza kwako mapema, kichwa kilipoanza kushuka," Suti alisema. Hakuwa anadhihaki, alisema kama fundi anavyoeleza kazi. "Mtu aliyelea hawezi kunyamaza. Apige kwa kumtakia mema, apige kwa kumtakia mabaya, mbwa anasikia ni wewe tu."

Alifungua mlango wa nyuma. Ndani kulikuwa na kizimba na blanketi safi. Tangawizi alikataa. Alivutwa, akasukumwa, akalala chini kama gunia. Mama Miwani, kikombe mkononi, alitazama kando.

"Muingize, Kijiti," alisema taratibu.

Kijiti alipanda garini, akainama kwenye kizimba, akapiga mluzi. Tangawizi aliingia mara moja, mkia ukipiga vyuma. Kijiti akashuka. Mlango ukafungwa.

"Jumamosi tupo tena," Suti alisema akiwasha gari. "Njoo. Simama mahali asipokuona."

Gari likaondoka. Ndani mbwa alikuwa anabweka, akaendelea kubweka mpaka barabara kubwa ilipommeza.

Dada akamimina chai, akampa. "Wewe hutaenda, kaka yangu. Niambie hutaenda."

Kijiti alishika kikombe, akaitazama barabara.

"Huko," aliuliza, "kuna ukuta?"