Kiwanja Kilichokanyagwa na Ng'ombe

Jirani yetu mama Kornelia anasema kiwanja cha shule yetu hapa Gendabi hakikutengenezwa na mzungu wala na serikali. Anasema wazazi walileta ng'ombe wao wote, wakawazungusha pale kama wanapura ngano, mpaka ardhi ikawa ngumu kama sakafu. Eti mpira ukidondoka ulikuwa unaruka juu kuliko goli. Mimi nilikuwa nasikiliza tu huku nachambua maharage. Mama Kornelia huwa anaongeza chumvi.

Maana kiwanja nilichokijua mimi kilikuwa na korongo katikati. Mwalimu alitukataza kukikanyaga, tusije tukavunjika miguu. Nilimaliza la saba nikiwa nawashinda wavulana mbio, lakini ni mbio za kwenda kisimani. Kiwanjani sikukimbia hata siku moja.

Mwaka huu waliosoma hapa zamani wakakubaliana kukifufua. Zubery, dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano ya serikali, aliomba ruhusa kwa meneja wake, akaja na haro ya kuvunjavunja udongo. Akafukia korongo, kisha akapiga haro kiwanja kizima kwa moyo wote. Alipomaliza, udongo ulikuwa laini, mtu anazama mpaka kifundo.

"Zubery mwanangu," mama Kornelia akamwambia, "tucheze mpira au tupande?"

Watu wakacheka. Zubery naye akacheka, lakini alikuwa anajifuta jasho kwa kofia, hamtazami mtu.

Mzee Tadeo, kapteni wa timu ya kwanza ya shule, akasema, "Muacheni. Mvua ya kwanza ikipita, kila mtu alete ng'ombe wake."

Ikapita. Nilipofika na ng'ombe wetu, nilisimama. Walikuwa wanakuja kutoka kila upande, wetu sisi wakulima, na wale wa wafugaji wa bondeni wenye pembe ndefu. Wakaingia, wakazungushwa taratibu. Ardhi ikatetemeka, niliisikia kwenye nyayo. Watu walikuwa wanapiga miluzi, halafu hata miluzi ikaisha, tukabaki tunatazama. Mlima Hanang ulikuwa wazi mpaka juu. Kumbe mama Kornelia hakuongeza kitu.

Kiwanja kilipokauka, mzee Tadeo akarusha mpira juu. Ukadunda, ukaruka juu ya kichwa chake. Mama Kornelia akanigusa kwa kiwiko.

Ikatangazwa kwamba waliosoma hapa zamani ndio watakifungua, kila mmoja akizunguke mbio mara moja mbele ya wanafunzi. Wakaanza kuvua viatu, wanaume tupu. Sisi wanawake tulikuwa pembeni na makande.

Nikamsogelea mzee Tadeo, anakunja suruali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe si binti wa Yoakimu?"

"Ndiyo babu. Na mimi nimesoma hapa. Naomba nizunguke, mara moja tu."

Akaacha kukunja. Akanitazama miguu, kandambili nilikuwa nimeshavua. Akawatazama wenzake kwenye mstari, halafu kiwanja, kimelala kimenyooka mpaka chini ya mlima, kisha akanisogezea nafasi kati yao.