Sinema ya Bibi Mboni

Mzungu mmoja wa mashamba ya karanga kule Nachingwea alipofunga virago, karanga zikiwa zimemshinda, alimwachia dereva wake kamera ya sinema badala ya mshahara. Dereva mwenyewe ni Fakihi, Mmwera wa hapa Milola. Mtu mwenye akili angeiuza siku ileile. Fakihi akaja nayo nyumbani, akatutangazia kwamba atatengeneza sinema ya bibi yake.

Mimi ni Kadija, Myao, na Wamwera ni watani zangu. Nikimwita Fakihi bozi hakuna wa kunishitaki. Basi nasema alikuwa bozi, ila bozi mwenye jambo moja la kweli kichwani. Bibi yake, Bibi Mboni, alikuwa mfinyanzi, na macho yalishaanza kumwishia. Hakuna harusi wala matanga ya upande huu ambayo hayakupikiwa kwenye vyungu vyake. Fakihi alitaka watu wamwone akifinyanga kabla hajaacha, waone wa Lindi, waone wa Kilwa, na bibi mwenyewe ajione.

Bibi Mboni alikuwa akiusimika udongo chini, akiinama, akiuzunguka kinyumenyume, mkono mmoja ndani na mmoja nje, mpaka udongo unainuka na kuwa chungu. Fakihi alizunguka naye na kamera yake kama kifaranga nyuma ya mama yake, na sisi tukacheka mpaka mbavu zikauma. Mkanda ulipokwisha ndipo taabu zilipoanza. Mkanda wa sinema hauonyeshi kitu mpaka usafishwe kwa dawa huko Ulaya, na Ulaya hawasafishi kwa salamu.

Akaenda kwa padre. Padre akasema jambo jema sana, atasaidia, ila bibi aonekane akipeleka chungu kanisani. Bibi Mboni huyo, ambaye hajaacha kufunga Ramadhani tangu avunje ungo! Akaenda kwa tajiri mmoja mwenye duka kubwa mjini Lindi. Tajiri akasema sawa, ila mwisho wa sinema bibi akitupe chungu na kushika sufuria, tena sufuria atatoa yeye. Fakihi alirudi kwa miguu, amenuna.

"Wewe Mmwera," nikamwambia, "hata sufuria ya bure umeikataa? Si ungeniletea mimi?"

Mwisho akaangukia kwa Bwana Sinema. Hilo ndilo jina tulilompa Mzungu wa lile gari la serikali lililokuwa likizunguka vijijini kutuonyesha sinema za vyoo. Choo tulishaonyeshwa mara nyingi kuliko tulivyoonyeshwa dawa. Bwana Sinema hakuweka sharti lolote. Atausafirisha mkanda, ataulipia, na ataupitisha kwa gari lake pwani yote, Kilwa hadi Mikindani. Fakihi akaona amekutana na malaika.

"Asiye na sharti anakula nini?" nikamuuliza.

Masika yalipokwisha, gari likaja. Wakatundika shuka jeupe, na Bibi Mboni akaketishwa mkekani mbele kabisa kwa sababu ya macho yake. Sinema ile haikuwa na sauti. Sauti aliitoa karani wa Bwana Sinema, Valentini, kijana wa mjini mwenye soksi ndefu, akisoma karatasi kwenye kipaza sauti.

Bibi akatokea kwenye shuka, mkubwa, anakizunguka chungu chake. Vigelegele vikapigwa. Ndipo kipaza sauti kikasema: "Mtazameni mwanamke huyu mjinga. Mikono imejaa matope. Anatembea kinyumenyume, na maisha yake yanakwenda vivyo hivyo. Chungu chake ni nyumba ya maradhi. Msiwe kama yeye."

Fakihi akasimama. Mimi nilitaka kumrukia karani. Lakini watu wakaangua kicheko, tena kicheko kizuri, kile cha matangani watani wanapomtukana marehemu. Kwetu anayeweza kumtukana mwanamke mzima mbele ya wajukuu zake ni mtu mmoja tu, naye ni mtani. Walidhani Bwana Sinema amewaletea mtani!

Bibi Mboni naye akadhani hivyohivyo. Akajikokota hadi kwenye gari. "Mwanangu, nani wewe unayenitania? Kabila gani?"

Valentini akauona uso wa Fakihi, akaniona na mimi nilivyojifunga kanga kiunoni. "Shikamoo, bibi. Utani tu huo, bibi. Mimi mtani wako."

Kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa. Milola nzima ikasikia.

"Marahaba, mtani," akasema Bibi Mboni. "Basi hicho kinachozunguka hapo nimekichukua." Na mkono wake akaunyoosha kwenye mashine.

Mtani akichukua kitu hadaiwi. Ukidai, aibu ni yako. Hata mimi jogoo wa Fakihi nilimchukua mchana kweupe. Valentini akautoa mkanda, akampa. Bwana Sinema akauliza kuna nini. Karani alimweleza nini sijui, ila shuka lilishushwa upesi na gari likaondoka.

Mkanda tukabaki nao, mashine ya kuuonyesha hatuna. Nilitaka kumcheka Fakihi nikashindwa, maana alikuwa analia.

Bibi Mboni alikufa kabla ya mavuno. Nilimwosha mimi, na kumtukana nilimtukana ipasavyo. Valentini alipelekewa habari, kwa kuwa mtani anaitwa. Hakuja.

Siku ya arobaini vitu vya marehemu vikagawiwa: kanga, jembe, vyungu, na mkanda, kwa sababu ulikuwa mali yake. Mkasi alishika Fakihi mwenyewe. Kila nyumba ikapata kipande. Ukikiinua juani unamwona, mdogo kama punje ya mtama, na ukitaka kuona kinachofuata lazima uende kwa jirani. Wafiwa waliotoka Mtanda, kule Lindi mjini, wakaondoka na vyao, wa Kilwa na vyao. Bwana Sinema na petroli yake yote hakuwahi kumfikisha mtu mbali hivyo.

Kisha Valentini akaja kwa baiskeli, soksi zimejaa vumbi, akasimama mlangoni kwangu. Mkanda ni mali ya serikali, akasema, na Bwana anautaka.

"Mtani, hukuja kuzika," nikamwambia.

Akainamisha kichwa. Nikaingia ndani, nikaleta kipande changu, nikamwinulia juani. Akafumba jicho moja, akakitazama kwa muda mrefu.

"Mbona huu ni mkono tu," akasema.

"Ni mkono," nikamjibu. "Siku ile ulikuwa naye mzima, mkubwa kama nyumba, na hata mkono huo hukuuona."