Mhafidhina Ni Nani?

Rozina hakuwa amemaliza hata wiki kwenye redio moja ya Sumbawanga alipowasha moto kwa neno moja. Alisoma habari za uchaguzi wa nchi ya mbali, akasema wahafidhina wameshinda, akaweka muziki. Wimbo haujafika kiitikio, simu ya studio ikawa haishikiki.

"Wanauliza wahafidhina ni kabila gani!" Zenon, fundi mitambo, alicheka. "Nazima muziki. Wajibu!"

Rozina akasogelea kipaza sauti. "Mhafidhina ni mtu anayetaka siasa na desturi zibaki kama zilivyo, au zibadilike polepole."

Msikilizaji wa kwanza kwenye simu, Mzee Bundala wa Kirando, akamdaka. "Binti, mjukuu wangu ameihifadhi Kurani yote, tunamwita hafidhi. Neno hilo na hilo lako si ndugu?"

Rozina nusura aruke kitini. "Ndugu kabisa, mzee! Hifadhi, hafidhi, mhafidhina, tumbo moja. Wote wanatunza kitu."

"Basi ni sifa!"

"Kwa asili, ndiyo. Kwenye siasa limeota makali. Wachache hujiita hivyo wenyewe. Mara nyingi utaitwa na mpinzani wako, akimaanisha umeganda."

Simu zikafurika. Ghafla sauti aliyoijua ikaingia hewani kutoka Mpui. "Rozina, Modesti hapa."

Baba yake! "Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kwenye mkutano wa kijiji kijana mmoja aliniita neno hilo. Watu wakapiga makofi, nami nikamshukuru. Sema kweli, mwanangu: mimi ni mhafidhina?"

Zenon aliacha kucheka. Mkoa mzima ulikuwa unasikiliza.

"Shambani, ndiyo, baba. Trekta ulilikataa, ukashikilia matuta yetu ya kufukia majani. Lakini wajomba walipotaka niolewe, wewe ndiye uliyesema nisome kwanza. Siku ile wahafidhina walikuwa wao!"

Upande wa pili kikalipuka kicheko cha watu wengi. Kumbe majirani walikuwa wameizunguka simu.

"Basi kijana hakukosea," baba alisema, sauti imejaa furaha. "Ila aliniangalia nikiwa na jembe tu."

Nyuma ya kioo, Zenon alikuwa anaruka. "Meneja anasema kipindi cha michezo kisubiri! Endelea!"

Rozina akafuta machozi ya kicheko, akavuta kiti. "Karibu, upo hewani. Na wewe umewahi kuitwa mhafidhina?"