Paji la Uso la Mbinya

Ilikuwa mwaka wa 2023, mwezi wa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika Kitui yote. Mutindi, mwanamke kijana, msanifu wa michoro mwenye duka dogo pale Kabati, alikuwa akitayarisha kijitabu cha programu ya mazishi ya Mbinya, mke wa mzee Kaloki. Picha aliyopewa ilikuwa moja tu, ya kitambulisho, nayo imefifia. Akaikuza kwenye kompyuta, akaondoa madoa, akaung'arisha uso, kisha akatoa nakala ya kwanza na kumkabidhi mzee, aliyekuwa ameketi kwenye benchi pamoja na binti yake, Kaveke.

Kaloki akaigeuzia mlangoni, penye mwanga.

"Mwanangu, huyu ni nani?"

"Ni mama, Baba," Kaveke akajibu. "Hata jina lake limeandikwa."

"Jina ni lake. Uso ni wa mtu ambaye hajabeba hata ukuni mmoja. Kesho kutwa ninamzika mke wangu. Nitawagawiaje majirani uso wa mgeni?"

Mutindi akauliza kwa upole kilichopungua. Mzee akajipitishia kidole kwenye paji la uso, kutoka kando hadi kando, naye Mutindi akaelewa. Tangu usichana wake Mbinya alikuwa amebeba maji na kuni mgongoni, ukanda wa ngozi uitwao mukwa ukiushikilia mzigo kutoka kwenye paji la uso, hata ukaacha bonde lake pale. Mutindi alikuwa amelifuta pamoja na madoa.

"Nisamehe, Baba. Nilidhani ni mkunjo wa karatasi."

"Wewe ulizaliwa mfereji wa maji umekwisha kufika nyumbani," Kaveke akamtania.

"Nitalirudisha."

"Hata ukilirudisha," mzee akasema, "siku ile aliiogopa kamera. Tazama alivyokaza midomo, kama anayemeza dawa."

Mutindi akaiacha kompyuta, akachukua penseli. Kila kibao cha duka alichowatengenezea wateja alianza kukichora kwa mkono, na nyumbani, jioni, alichora mikono ya mama yake ikipepeta pojo. Lakini hakuwa amewahi kumchora mtu asiyemwona.

"Macho yake, Baba?"

"Madogo. Yalitangulia kucheka."

"Na mdomo?"

"Huo ulinisema mimi mchana kutwa."

Kaveke akacheka, kisha akajifuta machozi kwa ncha ya leso. Mutindi akachora, akafuta, akachora tena, mzee akimsahihisha shavu na kidevu. Mwishowe akailaza penseli kiubavu, akaivuta polepole kwenye paji la uso, kivuli kikaingia bondeni.

Kaloki akavua kofia.

"Ndiye," akasema. "Mbinya, ndiwe."

Mutindi akaunakili mchoro kwa ajili ya programu. Alipotaka kuikunja karatasi, mzee akamzuia.

"Pana nafasi kando yake?"

"Ipo, Baba."

"Nilimwahidi kwamba tungepigwa picha sisi wawili. Kila mwaka nikasema, tungoje mavuno. Akangoja, wala hakunidai."

"Baba!" Kaveke akashtuka. "Mtu aliye hai hawekwi kwenye programu ya mazishi. Watakuzika mapema!"

"Hii si ya kanisani. Ni ya ukutani kwangu." Akamgeukia Mutindi. "Wala usinifanye kijana, mama. Mbinya atauliza ni nani aliyekaa naye."

"Nitakuchora ulivyo, Baba."

Kaloki akafunga vifungo vya koti hadi shingoni, akasogea mpaka mwisho wa benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja upande wake wa kushoto. Kisha akatulia, mikono magotini, akimlipa mkewe deni lake, huku penseli ya Mutindi ikianza na bega lililomwelekea Mbinya.