Mtu wa Neno Moja

Ildefons wa Buganguzi alikuwa na migomba mia tatu na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa "sawa". Binti yake Elieth alipofaulu kwenda shule ya bweni, alisema sawa. Senene, wale panzi watamu, walipofurika mpaka ndoo zikakosekana, kijiji kizima kikishangilia, bwana huyu alisema sawa. Basi mkewe Joanitha alipotoka kumzika mama yake kule kwao Ijuganyondo, macho yamevimba, akamwambia mumewe moyo unamuuma kupita kiasi, unadhani alijibiwa nini? Haya, sema mwenyewe.

Joanitha alifunga mzigo siku hiyohiyo akarudi kwa baba yake.

Ndipo Ildefons alipojua kwamba nyumba yake ina mwangwi. Siku ya nne alibeba dumu la lubisi, pombe ya ndizi, akaenda kuomba mke. Baba mkwe, Mwalimu Karugendo, alifundisha Kiingereza miaka thelathini na minane, na kustaafu hakukumtuliza hata kidogo. Alipokea lubisi, akampa mkwewe kahawa za kutafuna kama desturi, kisha akauliza, "Tangu binti yangu aondoke, unajisikiaje?"

"Vibaya, tata," alijibu, kama Wahaya tunavyomwita baba.

"Vibaya! Hata ng'ombe hujisikia vibaya. Rudi Jumapili unieleze kwa Kiingereza, na hiyo 'sad' sitaki kuisikia, ni ya watoto wa darasa la tatu. Ukishindwa, mke huna."

Sisi Wahaya na Kiingereza, tusidanganyane, ni pua na mdomo. Lakini mzee huyu alizidi.

Ildefons akashuka mjini, Miembeni, kwenye steshenari ya Nuriat, mwanamke asiyejua kunyamaza.

"Dada, nipe huzuni ya Kiingereza."

"Kilo ngapi, kaka?" Nuriat alicheka mpaka akashika meza. Aliposikia kisa chenyewe, akavuta kiti. "Sikiliza. 'Unhappy', umekosa nyama kwenye harusi. 'Miserable', umekosa nyama na mvua imekunyeshea. 'Dejected', umekaa chini hutaki hata kuinuliwa. 'Heartbroken' sasa, hiyo ndiyo baba lao." Akamchapia maneno kumi na mawili kwa herufi kubwa.

Ildefons hakuwa mtu wa madaftari. Alichokijua ni kibanja chake, mgomba mmoja mmoja, kama mtu anavyojua wanawe. Basi kila neno alilibandika kwenye mgomba wake, kuanzia mlango wa jikoni mpaka kwenye mibuni, akawa anatembea akigusa na kusoma. Kufika Jumamosi alibandua karatasi zote, na bado kila akigusa mgomba neno lilikuja lenyewe. Majirani wakasema maskini, kachanganyikiwa, anaishitakia migomba kwa Kiingereza.

Jumapili akaketi uani mbele ya Mwalimu. Joanitha alikuwa mkekani, mikono kaikunja, hamtazami.

"Haya," alisema Mwalimu.

Ildefons alifungua mdomo. Wapi! Maneno yote yalikuwa yamebaki Buganguzi, kila moja kwenye mgomba wake.

"Tata, naomba niingie kibanjani kwako."

"Kufanya nini?"

"Maneno yamo humo."

Mawe, mama yangu! Mkwe mzima, na koti lake la kanisani, akaanza kupapasa migomba ya wakwe. Akagusa wa kwanza: "Unhappy!" Wa pili: "Miserable!" Mwalimu akamfuata na mkongojo wake, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Wa tatu: "Dejected!" Wa nne sasa, ule uliobeba baba lao, haukuwepo. Mahali pake palisimama mpapai. Ildefons aliugusa. Akauzunguka. Akaupiga kofi kidogo. Mpapai ukanyamaza kimya.

"Enhe?" alisema Mwalimu.

Ildefons aliona mke anampotea hivihivi, mkono uko kwenye mpapai. Akamgeukia mkewe pale mkekani.

"Mama Elieth," alisema, "kila siku namenya ndizi za watu wawili. Najua hupo, lakini mikono haitaki kujua. Na siku ile ya mama niliogopa. Yule mama nilimpenda. Nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele yako, nikasema sawa."

Joanitha alikuwa ameshasimama.

"Baba," aliuliza taratibu, "hiyo kwa Kiingereza inaitwaje?"

Mwalimu Karugendo alitazama juu, akatazama mpapai ambao marehemu mkewe ndiye aliyeupanda. Alitafuta katika miaka yote ile thelathini na minane. Kisha akatoa leso akapenga kamasi kwa nguvu.

"Sijui," alisema. "Joanitha, unarudi na mumeo au hurudi?"

Joanitha alimsogelea Ildefons, akamkung'uta jani kavu begani.

"Sawa," alisema.