Chupa Kifuani kwa Mariana

Mimi Zipora nikikasirika sijui kunong'ona. Siku ile nilipoingia kwenye ile maabara pale Shinyanga, hata mlinzi wa getini alisikia nimefuata nini. Nilisema nataka kitovu cha mjukuu wangu. Mlikichukua mtoto akiwa hai, sasa mtoto amezikwa, na mtu hazikwi vipandevipande.

Mjukuu wangu aliishi asubuhi moja tu. Mama yake ni Mariana, kitinda mimba wangu, na ilijulikana mapema kwamba atajifungua kwa operesheni. Kabla ya siku yenyewe walikuja watu wa maabara wodini, wakaomba kwa adabu: mtoto akitoka, kitovu na kondo hutupwa, basi sisi tupeni kitovu tutafute dawa ya watu walioungua. Mkwe wangu Luka ndiye aliyekubali kwanza. Yeye ni mchimbaji huko Geita, na mwenzake Masele aliunguzwa na petroli ya pampu ndani ya duara, ndivyo wanavyoita mashimo yao, akabaki bila ngozi mgongoni. Mariana naye akakubali. Hakuna aliyedanganywa, hilo naomba lieleweke.

Operesheni ilimwendea vibaya Mariana. Damu ilitoka nyingi, wakamlaza usingizi mzito. Mtoto alitoka analia, nilimsikia kwa masikio yangu haya. Lakini moyo wake haukuumbika sawasawa, na kabla jua halijafika utosini alikuwa ameshaondoka. Mariana alipoamka jioni tulimpa kitu kimefungwa kwenye kanga. Alimtazama, akamgusa shavu, akaniuliza swali moja tu.

"Mama, alikuwa wa moto?"

Nikamwambia alikuwa wa moto, mwanangu, wa moto kabisa. Hakulia. Nilidhani ni ile dawa ya usingizi, lakini kesho yake hakulia, wala tulipofika nyumbani Mhunze hakulia. Kwetu mtoto wa asubuhi moja wanazika wanawake, nyuma ya nyumba, wala hakuna msiba wa watu kuja kuketi na kulala chini. Majirani walipita kama waliotumwa, kila mmoja na yake: "Mungu atakupa mwingine." Nilitamani kuwafukuza kwa mwiko! Mtu amepoteza mtoto, si kuku. Luka alikaa siku chache, kisha akarudi Geita. Mwanaume akishindwa kulia anakimbilia shimoni.

Halafu maziwa yakaja. Hayo ndiyo yaliyoniumiza kuliko yote, jamani, maana maziwa hayajui kuwa mtu amekufa. Mariana alijifunga kitenge kifuani, akakaa ukutani anatazama mlango. Chakula hagusi. Nikimwita anaitika "bee mama", basi, harudishi neno lingine. Nilimwona anaondoka polepole mbele ya macho yangu, na mimi ndiye niliyemzaa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Nikajiambia tatizo ni kitovu. Kile kipande cha tumboni mtoto alizikwa nacho, sawa, lakini kile chote kirefu kilichomuunga na mama yake kilibaki mjini, kwa watu. Mariana atatuliaje na mwanawe hajarudi mzima? Nikamwambia naenda kukileta tukizike, nikavaa kanga zangu nzuri, nikaenda.

Aliyenipokea ni binti mmoja anaitwa Monika. Aliniacha nikagomba mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akasema, "Shikamoo mama." Lo! Aibu ilinishika, nikaitikia marahaba kwa sauti ya chini, akanipa kiti.

"Mama, kitovu kipo," akasema. "Lakini hakiko kama ulivyokiacha."

Akanieleza taratibu. Walikiosha kwa maji ya chumvi yenye dawa ya kuua vijidudu. Wakakipasua kwa urefu, wakatoa mishipa mitatu ya damu. Katikati kuna ute mzito, mweupe, kama ule wa bamia. Humo ndimo zinamokaa chembe wanazozitafuta, chembe changa ambazo bado zinaweza kufundishwa kazi. Ute ule wakaukatakata vipande vidogo kama punje za mtama, wakavibandika kwenye sakafu ya chupa, wakavimwagia maji yenye chakula, wakaviweka kwenye kabati lenye joto.

"Wengine wanaweka dawa ya kuyeyusha nyama ili chembe zitoke haraka," akasema. "Sisi hatuweki. Tunaacha bila kutikisa, tunasubiri watoke wenyewe."

"Nani watoke?"

Akanipeleka kwenye hadubini. Mwanzoni niliona ukungu tu, na kope zangu. Akazungusha kitu, mara nikaona. Kipande kimoja cheusi, na pembeni yake wametawanyika wadogo, wembamba, wengi, kama mbuzi waliofunguliwa zizini asubuhi.

"Hao wako hai?"

"Wako hai, mama. Jana hawakuwa wengi hivi."

"Ni wa Mariana au ni wa mtoto?"

"Kitovu chote ni cha mtoto. Hao ni wa mtoto peke yake."

Nilikuwa nimekuja kudai kitu kilichokufa nikakizike kwa jembe. Nikamuuliza nikikitaka leo ananipaje. Akatazama chini. Akasema ni haki yetu kukitaka, ila utaratibu wao ni kumwaga dawa kwanza ndani ya chupa.

"Dawa ya kuwaua?"

"Ndiyo, mama."

Kisha akaniambia, kwa huruma kabisa, wala simlaumu, kwamba kuna njia nyingine. Tukiwaachia, wanaweza kuwagandisha kwenye baridi kali sana, wakalala humo miaka na miaka bila kufa.

"Kwenye baridi?"

"Baridi kuliko barafu."

"Binti yangu aliniuliza jambo moja tu, kama mwanawe alikuwa wa moto. Nirudi nimwambie yuko kwenye barafu?"

Monika alitoka, akaenda kwa mkubwa wake, Daktari Ansgar, wakazungumza muda mrefu nyuma ya mlango. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akasema nimeruhusiwa kuwachukua wakiwa hai. Akajaza chupa ile maji ya chakula hadi juu, maji ya pinki, akakaza kifuniko, akanionya. Nisiifungue. Nisiitikise. Iguse mwili muda wote, maana joto wanalotaka ni lile lile la mtu. Hivyo watakaa siku chache. Maji yakigeuka kuwa ya njano, ndiyo mwisho wao.

"Wabeja, mayo," nikamshukuru kwa Kisukuma. Kiswahili kilikuwa kimenikimbia.

Niliitia chupa kifuani, ndani ya blauzi. Mwenye bajaji nikamwambia aendeshe polepole, akipiga shimo namshusha yeye. Akacheka, "Bibi, umebeba mayai?" Nikamwambia nimebeba mjukuu. Akanitazama kwenye kioo, akaona sitanii, akaenda taratibu mpaka stendi.

Nyumbani nilimkuta Mariana pale pale ukutani. Nikamwambia, "Nimekuja nacho." Akainuka kufuata jembe. Nikamshika mkono.

"Bado. Kiko hai."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa, neno kwa neno, na ile habari ya njano sikuficha. Alinisikiliza mdomo wazi. Nikaitoa chupa, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Akaishika, na uso wake ukabadilika, nao haukuwa umebadilika tangu hospitali.

"Mama, ni wa moto!"

Lilikuwa joto la kifua changu. Nilijua, na yeye huenda alijua. Nikasema, "Ee, mwanangu. Ni wa moto."

Akalegeza kile kitenge, akaiweka chupa katikati ya maziwa yake, akajifunga tena. Usiku ule aliomba uji. Akasema bila kula atapata wapi joto la kumpa. Nilipika huku nikilia kwa siri, furaha na hofu zimechanganyika, sijui nishike ipi. Siku zile alilala chali bila kugeuka. Alitembea kama mwenye mzigo wa maji kichwani. Nilimsikia anamsimulia: hapa ndipo zizini, huyu ni ng'ombe wa babu yako, ile ndiyo njia baba yako anayopita akirudi. Majirani wakaanza kusema binti wa Zipora amerukwa na akili. Wenye midomo waache waseme.

Ila kila asubuhi nilimwomba nitazame rangi. Pinki. Pinki. Kisha asubuhi moja ikawa kama ganda la chungwa lililoiva. Nikampigia Monika, "Njoo na chakula chao!" Akasema akiifungua pale kwetu vumbi litaingia na vijidudu vitawaua, labda tuirudishe upesi, wawahi kugandishwa. Nikamfikishia Mariana maneno hayo, maana mtoto ni wake. Aliishika chupa juu ya kitenge.

"Abaki," akasema. "Ameshafika nyumbani."

Alfajiri aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, chupa mkononi. Maji yalikuwa ya njano kabisa, kama mkojo wa mtoto kwenye nepi nyeupe.

"Shika, mama."

Nikaishika. Ilikuwa ya moto. Ilikuwa ya moto kabisa, na ndani yake hapakuwa na mtu tena.

"Nilimbeba," Mariana akasema. "Mama, huyu nilimbeba akiwa hai. Aliishi, akafa mikononi mwangu. Anaitwa Jilala."

Jilala ni jina la marehemu mume wangu. Hatukuwa tumempa mtoto jina, tuliona kafa mapema mno. Mariana alilitamka mara ya pili, na papo hapo kilio kikamtoka, kile nilichokisubiri na kukiogopa, kilio cha kupasua paa. Nikamshika, nikalia naye kwa sauti yote niliyopewa na Mungu.

Majirani walikuja mbio na kanga mabegani, wakajaa mlangoni. Mmoja akauliza kwa woga, "Kuna nini? Nani amefariki?"

"Jilala," nikasema. "Mtoto wa Mariana. Amefariki leo."

Walitazamana. Nilikuwa tayari kugombana, wallahi nilikuwa tayari. Lakini yule aliyeuliza akavua kandambili zake, akaingia, akaketi chini sakafuni karibu na Mariana, na wengine wakamfuata.